Helmeti ya uso mzima: Namna ya kuchagua inayokufaa wewe na abiria wako

Ukisimama kwenye steji yoyote ya bodaboda mjini Mombasa, iwe Mwembe Tayari, Kongowea au Changamwe, utaona helmeti za kila namna. Kuna zinazofanana na bakuli lililofunikwa juu ya utosi. Kuna zinazoteremka hadi masikioni lakini zikauacha uso wazi. Na kuna za uso mzima, zenye ukingo mgumu unaopita mbele ya kidevu na kioo kinachoteremshwa kufunika macho. Nyingine hata kichwani hazipo. Zimening'inizwa kwenye hendeli, zikingoja mwendeshaji aone polisi mbele.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kupitia kifungu cha 103B, inamtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na jaketi yenye viakisi mwanga. Abiria wake naye anatakiwa avae hivyo hivyo, na abiria mwenyewe asizidi mmoja. Pikipiki ya umeme haina msamaha katika jambo hili. Kutotia petroli hakuifanyi kuwa baiskeli.

Hata hivyo, sheria inamwambia mtu avae helmeti. Haimfuati dukani kumchagulia. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa zao. Hununua kitu cha kumridhisha askari barabarani, kumbe hakiwezi kuwafaa siku watakayokihitaji. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwendeshaji na abiria wanaweza kuyakagua wenyewe, kwa macho na mikono, kabla ya kulipa. Yanaeleza pia kwa nini helmeti ya uso mzima inastahili kuwa chaguo la kwanza, hata katika joto la Pwani.

Kwa nini kidevu kifunikwe

Watu wengi hudhani kuwa anayeanguka kwenye pikipiki hutua kwa utosi au kisogo, kwa hivyo helmeti ya bakuli inatosha. Mambo huwa tofauti. Gurudumu la mbele likiingia kwenye shimo au likigonga gari lililokata kona ghafla, pikipiki husimama lakini mwili wa mwendeshaji hausimami. Unaendelea kwenda mbele kwa kasi ile ile iliyokuwapo. Mikono hutangulia, kifua hufuata, na uso huja nyuma yake. Mtafiti Mjerumani Dietmar Otte, wa chuo kikuu cha tiba cha Hannover, alichunguza helmeti za watu waliopata ajali na kuweka alama kila mahali zilipogongwa. Takriban theluthi moja ya mapigo yalikuwa katika eneo la kidevu na taya, yaani sehemu ambayo helmeti iliyo wazi haigusi kabisa.

Pigo la kidevu si suala la sura na meno peke yake. Taya limeungana na fuvu karibu na masikio, na nguvu ya pigo inaweza kupanda kupitia taya hadi kuvunja sehemu ya chini ya fuvu. Taya likivunjika vibaya, ulimi na damu vinaweza kuziba njia ya hewa, na majeruhi akakosa pumzi kabla ya kufikishwa hospitalini.

Vyombo vipya vya umeme vinalionyesha jambo hili waziwazi kuliko pikipiki za kawaida. Chukua kile chombo cha gurudumu moja ambacho mtu husimama juu yake bila hendeli wala kiti. Bado ni nadra katika barabara zetu, lakini kwingineko watu hukitumia kwenda kazini. Chombo hicho hakisimami wima chenyewe. Vihisio vilivyo ndani hupima jinsi mwili ulivyoinama, na mota husukuma gurudumu mbele ili likae chini ya mtu kila wakati. Mtu akiinama sana, au akiwa kasi imefika kikomo, au betri imepungua chaji na shimo likatokea, mota hukosa nguvu ya ziada ya kulifikisha gurudumu mahali pake. Gurudumu hubaki nyuma, naye hutupwa mbele kama mtu aliyevutwa zulia chini ya miguu. Hana hendeli ya kushikilia. Ndiyo maana wanaopenda kwenda kasi kwa vyombo hivyo huvaa helmeti za uso mzima kama waendesha pikipiki wakubwa, ingawa chombo chenyewe mtu anaweza kukibeba kwa mkono mmoja kama sanduku.

Pikipiki ya umeme haianguki namna hiyo, lakini ina tabia mbili ambazo mwendeshaji aliyezoea petroli anapaswa kuzijua. Kwanza, mota ya umeme hutoa nguvu zake mara tu mkono unapozungushwa. Haingoji injini ipande wala gia ibadilishwe. Pili, haina mngurumo. Mtu anayevuka barabara kwa kusikiliza, kama wengi wanavyofanya sokoni, hajui kuwa kuna chombo kinachomjia. Breki za ghafla huwa nyingi, na breki ya ghafla ni njia mojawapo ya kurushwa mbele.

Mwaka 2008, watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi za helmeti za pikipiki kutoka nchi mbalimbali na kuzipima kwa pamoja. Waligundua kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hizo ni za helmeti kwa jumla. Ushahidi uliokuwapo haukutosha kulinganisha aina moja na nyingine. Kwa hivyo aliye na helmeti ya uso wazi asiitupe leo akabaki kichwa kitupu. Aivae na kuifunga hadi atakapopata iliyo bora.

Kinachofanya kazi ni povu

Gamba la nje, liwe la plastiki ngumu au la faiba, ndilo linalopakwa rangi na kuchorwa moto na fuvu. Kazi yake ni kuzuia vitu vyenye ncha visipenye, kulisambaza pigo lisielekee mahali pamoja, na kuteleza juu ya lami badala ya kushika. Lakini kinachookoa ubongo ni tabaka la ndani: povu gumu jeupe la polistireni, la jamii ile ile inayowekwa kwenye katoni za televisheni, ila la helmeti limetengenezwa kwa ugumu uliopimwa.

Kichwa kikigonga chini, povu hilo hubonyea. Kubonyea kunachukua muda, tena ni muda mfupi sana, lakini muda huo ndio unaofanya kichwa kisimame polepole kidogo badala ya kusimama papo hapo. Ubongo ni laini na umo ndani ya fuvu gumu. Fuvu likisimama ghafla, ubongo huendelea na safari na kugonga ukuta. Povu linanunua nafasi ya sentimita chache za kusimama.

Likishabonyea halirudi. Helmeti iliyopata pigo la maana katika ajali imemaliza kazi yake hata kama gamba la nje halina mkwaruzo. Ndiyo sababu ya kuogopa helmeti za mitumba. Suruali ya mtumba unaweza kuikunjua ukaona kama imetoboka. Povu lililobonyea limefichwa kati ya gamba na kitambaa, na muuzaji mwenyewe huenda hajui helmeti ilitoka kichwani mwa nani wala ilianguka wapi.

Kuna swali ambalo waendeshaji huuliza: helmeti hujaribiwa kwa kasi gani? Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 22, inayotumiwa na nchi nyingi, imekuwa ikiangusha helmeti yenye kichwa bandia juu ya chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 27 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 2.9. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, maana bodaboda huenda mbio zaidi ya hapo. Lakini kasi ya pikipiki na kasi ambayo kichwa hugonga lami ni vitu viwili. Mwendeshaji wa kilomita 50 anayeteleza chini hugonga ardhi kwa kasi ya kuanguka tu kutoka kimo chake, na kasi iliyobaki huishia katika kuburuzika. Hali inakuwa nyingine akigonga lori lililoegeshwa au nguzo ya stima. Kasi ya kilomita 45 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 8, na hakuna povu la sentimita chache linaloweza kuahidi mengi hapo. Helmeti nzuri haimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

Kwa sababu hiyo hiyo, helmeti ya baiskeli haifai kwenye pikipiki, hata ile ya uso mzima inayovaliwa na wanaoshuka milima kwa baiskeli. Helmeti ya kawaida ya baiskeli inayofuata kiwango cha Ulaya cha EN 1078 hujaribiwa kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde, kama kilomita 19.5 kwa saa. Zile za kushuka milima zilizopitishwa kwa kiwango cha Marekani cha ASTM F1952 hujaribiwa hata kwenye kinga ya kidevu, ni nyepesi na zina matundu mengi ya hewa. Kwa mwenye baiskeli ya umeme au skuta ya kusimama, anayekwenda mwendo wa baiskeli, hilo ni chaguo la busara. Kwa pikipiki, haitoshi.

Kusoma alama

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lina kiwango chake cha helmeti za pikipiki kinachoitwa KS 77. Bidhaa iliyotengenezwa nchini na kupitishwa huwa na alama ya ubora, na chini yake nambari ya kibali. Nambari hiyo inaweza kuhakikiwa kwa simu yoyote, hata kabambe ya vitufe: andika SM, alama ya reli (#), kisha nambari ya kibali, na kutuma kwa 20023. Jibu likija na jina la kampuni au bidhaa isiyolingana na iliyo mkononi, irudishe helmeti kwenye rafu. Bidhaa zinazoingizwa kutoka nje hubandikwa stika ya ISM.

Helmeti nyingi zinazoingia kupitia bandari yetu huwa pia na alama za mataifa mengine. Iliyo muhimu zaidi ni herufi E ndani ya duara, pamoja na nambari ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, na kadhalika. Lebo hiyo mara nyingi hushonwa kwenye mkanda wa kidevuni, si stika ya kubandua. Karibu na duara kuna mfululizo wa tarakimu. Zikianza na 05, helmeti ilipimwa kwa toleo la tano la ile Kanuni ya 22. Zikianza na 06, ni toleo jipya, ambalo limeongeza majaribio ya kasi ndogo na kubwa zaidi na ya pigo la mshazari, lile linalokizungusha kichwa.

Baada ya tarakimu hutafutwa herufi, na hapa ndipo mnunuzi wa helmeti ya uso mzima anapaswa kuvaa miwani. Herufi P ina maana kwamba kinga ya kidevu imejaribiwa na inalinda. Herufi J ni ya helmeti iliyo wazi. Herufi NP ina maana kwamba ukingo ule wa mbele upo lakini haulindi. Ni kama mlango uliochorwa ukutani. Helmeti ya aina hiyo inaweza kuonekana dukani sawa kabisa na yenye P, na bei ikawa ya kuvutia. Zile ambazo sehemu ya mbele hufunuka kwenda juu huandikwa P/J zikiwa zimepitishwa kwa njia zote mbili. Zikiwa na P peke yake, zisiendeshewe zikiwa zimefunuliwa.

Alama ya DOT ya Marekani nayo huonekana sana. Chini ya utaratibu wa nchi hiyo, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kuwa ametimiza kiwango, na serikali hununua baadhi ya helmeti madukani baadaye kuzikagua. Kiwango hicho hakijaribu kinga ya kidevu. Tena herufi hizo tatu ni rahisi mno kuchapishwa kwenye stika. Helmeti nyepesi kama jagi la plastiki, isiyo na povu gumu ndani ila sponji laini tu, haigeuki helmeti kwa kubandikwa DOT. Bonyeza ndani kwa kidole gumba: chini ya kitambaa na sponji ni lazima ukutane na kitu kigumu chenye unene, kinachozunguka kichwa chote. Kisha ingiza kidole nyuma ya kinga ya kidevu ujue kama povu limefika huko, au ni gamba tupu.

Kichwa ndicho kinachochagua

Helmeti yenye alama zote lakini isiyokaa sawasawa itamtoka mtu angani. Kosa la kawaida ni kununua kubwa kwa sababu inavaliwa kwa urahisi na haibani.

Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, ukiizungusha upana wa vidole viwili juu ya nyusi na kupitia sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi. Sentimita 57 hadi 58 kwa kawaida ni M, na 59 hadi 60 ni L, ingawa watengenezaji hutofautiana na lebo ya ndani ndiyo ya kufuatwa. Kisha ivae. Helmeti mpya ya uso mzima inapaswa kuingia kwa kusukumwa kidogo, masikio yakikunjwa na kukunjuka. Mashavu yabanwe, kama ya mtoto aliyeshikwa na shangazi aliyemkosa siku nyingi. Sponji za mashavuni hulegea baada ya wiki chache za kuvaliwa; helmeti iliyolegea tangu dukani itakuwa ndoo kabla ya mwezi kuisha.

Funga mkanda, shika kinga ya kidevu, ujaribu kuizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya uso ifuate. Helmeti ikizunguka huku uso umetulia, ni kubwa. Halafu inamisha kichwa, umwombe mwenzako aishike helmeti chini ya kisogo na kuisukuma juu kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, haifai, hata kama muuzaji anasema itajishika. Kaa nayo kichwani dakika kumi huku mkizungumza bei. Maumivu ya mahali pamoja kwenye paji, au alama nyekundu inayobaki ukiivua, ni dalili kuwa umbo lake si la kichwa chako. Vichwa vya watu si sawa, kuna vya mviringo na kuna virefu, na kuongeza saizi hakutibu umbo.

Anayevaa miwani aende nayo dukani. Anayevaa hijabu ajaribu helmeti akiwa na kitambaa atakachoivalia, chepesi, kisicho na pini wala fundo. Pini iliyo chini ya helmeti ni msumari. Mwenye rasta au misuko azishushe nywele nyuma ya shingo badala ya kuzifunga juu ya utosi, kwa kuwa helmeti inayokaa juu ya fundo la nywele haijakaa kichwani.

Mkanda ndio unaosahaulika. Wahudumu wengi huuacha ukining'inia, eti ni haraka kuvua wanapofika kwa mteja. Helmeti isiyofungwa hutoka katika pigo la kwanza, na kichwa kikapokea la pili peke yake. Mkanda ukishafungwa, kidole kimoja au viwili vipite kati yake na koo, visizidi. Kifungio cha pete mbili kinakaza vizuri zaidi na hakina kipande cha plastiki cha kukatika. Kile cha kubofya ni chepesi kutumia lakini kikaguliwe mara kwa mara, hasa ufukweni ambako chumvi hula chuma.

Joto, jasho na kioo

Lalamiko la kwanza dhidi ya helmeti ya uso mzima hapa Pwani ni joto, na lalamiko hilo lina haki. Foleni ya kusubiri feri Likoni saa saba mchana, kichwa kikiwa ndani ya povu, si jambo la kumfanyia mtu mzaha. Dawa yake ni kuchagua helmeti yenye matundu ya hewa yanayofunguka, hasa kwenye kidevu na juu ya paji, na yenye njia za hewa zilizochongwa ndani ya povu hadi matundu ya nyuma. Matundu mengine ni mapambo tu. Chungulia kwa ndani uone kama mwanga unapita. Rangi nyeupe au ya kung'aa haishiki jua kama nyeusi, na usiku huonekana mapema zaidi. Pikipiki ikisimama kwenye foleni, fungua kioo. Ikianza kutembea, kishushe. Kwenye steji, vua upumzike. Helmeti inayofunuka mbele, yenye alama ya P/J, inawafaa wahudumu wanaosimama kila dakika kuzungumza na wateja, ila huwa nzito kidogo.

Lalamiko la pili ni kwamba helmeti hiyo huziba macho ya pembeni. Kanuni zinataka mvaaji aweze kuona nyuzi 105 kila upande kutoka katikati ya uso, yaani zaidi ya pembe mraba. Yule anayeona handaki mbele yake ama amevaa saizi isiyo yake, ama ananunua kitu kisichofuata kanuni.

Kioo cheusi kinapendeza mchana na ni hatari usiku. Mhudumu anayefanya kazi hadi saa nne usiku anahitaji kioo cheupe, na miwani ya jua mfukoni kwa mchana. Kioo kilichojaa mikwaruzo hutawanya taa za magari yanayokuja hadi barabara isionekane. Kibadilishwe, kwani kwa helmeti nyingi nzuri kioo huuzwa peke yake. Kabla ya kununua, uliza kama kinapatikana.

Jasho na chumvi huozesha sponji. Chagua helmeti ambayo kitambaa cha ndani kinatoka, kifuliwe kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini. Gamba lifutwe kwa maji na sabuni hiyo hiyo. Petroli, tina na rangi za kupulizia huweza kudhoofisha plastiki na kuyeyusha povu. Helmeti isisafishwe kwa petroli wala kuwekwa juu ya chupa ya petroli kwenye kibanda. Isitundikwe pia kwenye hendeli juani kutwa. Hata ikitunzwa, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi ya kutumika. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ndani, chini ya kitambaa au kwenye lebo.

Helmeti ya abiria

Abiria wengi hukataa helmeti ya bodaboda kwa sababu moja ambayo hawaisemi kwa sauti: imevaliwa na wangapi leo? Wanaogopa chawa, mapunye na jasho la watu. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuwagombeza. Mhudumu anaweza kuweka kofia nyepesi za kuvaa chini, zile za plastiki za kuogea au za kitambaa chembamba, na kumpa kila abiria yake. Kufua kitambaa cha ndani mara moja kwa wiki na kuikausha helmeti kati ya safari kunasaidia zaidi kuliko manukato. Abiria anayepanda bodaboda kila siku kwenda kazini anafaa anunue yake mwenyewe, ya saizi yake, aende nayo mkononi kama anavyobeba mwavuli.

Helmeti ya mtu mzima haimfai mtoto. Inamzunguka kichwani, inamziba macho, na uzito wake unaielemea shingo changa. Mzazi anayelazimika kumpandisha mtoto bodaboda amtafutie ya saizi yake, na akumbuke kwamba sheria inamhesabu mtoto kuwa ndiye yule abiria mmoja.

Ajali ikitokea

Helmeti ya uso mzima ina jambo moja ambalo kila mtu kwenye steji anapaswa kulijua. Wasamaria wema wakifika huwa wa kwanza kuivuta kwa nguvu ili majeruhi apate hewa. Shingo ikiwa imevunjika, mvuto huo unaweza kumpoozesha mtu ambaye angetembea tena. Majeruhi anayepumua na kuzungumza aachwe na helmeti yake. Fungua kioo, mzuie asigeuze kichwa, piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na mngoje ambulensi.

Ikiwa hapumui, au anatapika na kukabwa, helmeti itatoka, lakini kwa watu wawili. Mkanda hufunguliwa au hukatwa kwanza. Mmoja hupiga magoti ubavuni, akaweka mkono mmoja chini ya kisogo na mwingine kwenye taya, akishikilia kichwa na shingo zisisogee. Mwingine hukaa upande wa utosi, huzitanua pande za helmeti kwa mikono miwili, na kuitoa polepole, akiinamisha kidogo nyuma ili kinga ya kidevu ivuke pua. Ikishatoka, anayekaa utosini hukishika kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili hadi wahudumu wa afya wafike. Helmeti ipelekwe hospitalini pamoja na majeruhi, kwa kuwa mahali ilipobonyea humwonyesha daktari pigo lilipoingilia.